Sura ya Nne: Nani Alimfundisha Mangi?

Swali hili huulizwa sana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, akapanga fremu barabarani, akajaza shelfu hadi darini, na kabla mwaka haujaisha akawa anauza friji ili alipe kodi. Wa pili ni kijana aliyetoka chuo, akakopa, akafungua, akafunga. Wote wawili wanatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kiduka chenye nondo dirishani, taa hafifu na mizani iliyochakaa, na kuuliza: "Huyu Mangi anafauluje? Anauza sabuni ileile, mchele uleule, na mtaji wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake."

Mtaa una majibu yake. Wapo watakaokwambia ana ndagu, yaani dawa ya utajiri. Wapo watakaosema mstaafu alipitiwa na chuma ulete, ule uchawi unaosemekana kunyonya fedha kwenye droo ya muuzaji. Wenye staha kidogo husema ni ubahili tu. Sina haja ya kubishana na imani za watu, ila nimeona kwamba chuma ulete hupenda sana kutembelea maduka yasiyo na daftari.

Jibu langu ni fupi, na sura nzima itakuwa kulieleza. Kabla Mangi hajawa na duka lake, alikaa miaka kadhaa kwenye duka la mtu mwingine. Na siku alipofungua lake, tayari walikuwepo watu wenye mali walio tayari kumwamini. Katika kitabu hiki mtu wa kwanza, yule aliyemfundisha kazi kwa kumweka karibu naye, nitamwita mlezi. Wale wengine wote, wa jumla, wa chenji, wa usafiri, wa kumtetea, nitawaita mtandao wake.

Kwa msomaji asiyeishi Dar es Salaam: Mangi lilikuwa jina la cheo cha mtawala wa Kichaga huko Kilimanjaro. Mjini limekuwa jina la muuza duka yeyote wa mtaani, hata kama kazaliwa Singida na hajawahi kuuona mlima ila kwenye chupa ya bia. Miaka ya nyuma, na hata sasa katika mitaa mingine, ungesikia watu wakitumana "kwa Mpemba". Ukienda Mbeya, pale Mwanjelwa, utaambiwa habari za Wakinga kutoka Makete. Majina hayo yasikupoteze. Wachaga, Wapemba na Wakinga hawakuzaliwa na mizani mkononi, na wapo wengi miongoni mwao wasioweza kuuza hata kiberiti. Wanachofanana ni namna walivyopangana kufundishana na kudhaminiana.

Mtoto wa kati na kihamba

Tuanze Kilimanjaro, kwa sababu mfano wake uko wazi. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga: migomba, kahawa chini yake, nyumba katikati, na makaburi ya wazee pembeni. Kwa mila, kifungua mimba na kitinda mimba ndio walioangaliwa kwanza kwenye urithi wa ardhi. Wa kati walitafutiwa mahali pengine, na ardhi mpya ilikuwepo. Kisha watu wakaongezeka na ardhi ikaisha. Kahawa nayo, iliyosomesha watoto wengi tangu enzi za ushirika wa KNCU ulioanzishwa mwaka 1933, ikaporomoka bei baada ya mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo kuvunjika mwaka 1989.

Karibu wakati huohuo milango ya biashara ilikuwa inafunguka. Kati ya mwaka 1983, ulipofanyika msako wa wahujumu uchumi, na miaka michache iliyofuata serikali iliporuhusu watu binafsi kuagiza bidhaa, muuza duka aligeuka kutoka mshukiwa hadi mtu wa kawaida. Mtoto wa kati asiye na kihamba akapata pa kwenda.

Lakini hakwenda peke yake. Alichukuliwa. Kila Desemba Watanzania huwatania Wachaga kwamba wanakwenda "kuhesabiwa", maana mabasi ya Moshi hujaa na maduka kadhaa ya Dar es Salaam hufungwa mpaka mwaka mpya. Utani huo umeficha jambo kubwa la kibiashara. Wiki hizo mbili ndizo mkutano mkuu wa wenye maduka. Mbege inanyweka, mbuzi anachinjwa, na katikati ya maongezi mama fulani anamwambia shemeji yake, "Huyu kijana amemaliza darasa la saba, anazurura tu. Ondoka naye." Mwenye duka anamtazama kijana anavyobeba maji, anavyowaamkia wakubwa, anavyojibu akitumwa. Usaili umekwisha. Januari kijana yuko Tandale, analala kwenye godoro nyuma ya magunia.

Darasa la nyuma ya kaunta

Anajifunza nini huko? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mstaafu wetu alipoangukia.

Miezi ya mwanzo hauzi kitu. Anafagia, anabeba kreti, anafunga mkaa na unga kwenye nailoni. Kazi hiyo inaonekana ya kitwana, ila mikono yake inajifunza uzito. Tuchukue sukari. Tuseme umenunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 130,000. Ukiuza kwa kilo, shilingi 3,000, utapata 150,000, na faida ni 20,000. Ukiuza kwa robo, kila robo shilingi 800, utatoa robo 200 na kupata 160,000. Faida imepanda hadi 30,000, na ndiyo maana duka la mtaa linaishi kwa kupima. Sasa mpe mizani kijana mwenye mkono mwepesi, anayezidisha gramu 10 tu kila robo. Mfuko utatoa robo 192. Nane zimepotea, shilingi 6,400 zimekwenda, na bado hujahesabu nailoni, iliyomwagika na iliyolowa. Fanya hivyo kwenye mchele, unga, maharage na mafuta ya kupima, kila siku, halafu jioni useme kuna mkono wa mtu kwenye droo.

Hesabu hii haimo kwenye vipeperushi vya mikopo. Mlezi huifundisha kwa kukaripia: "Dogo, unagawa sadaka?"

Baada ya mizani inakuja droo. Kijana anajifunza kwamba fedha ya droo si ya mwenye duka. Mangi akila soda dukani kwake, anaiandika. Ndiyo maana wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo utaukuta umeandikwa kwa chokaa kwenye mbao za maduka mengi yanayodumu. Mstaafu wetu alikuwa akituma mtoto achukue kilo ya mchele "kwetu".

Kisha linakuja somo gumu kuliko yote, nalo ni la kukopesha. Duka la mtaa haliwezi kukataa mkopo kabisa, maana mteja ataenda kwingine hata siku akiwa na fedha. Wala haliwezi kumkopesha kila mtu. Kijana anakaa pembeni ya mlezi mwaka mzima akitazama uso wa mtaa: mwalimu wa shule ya msingi hulipa mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, fundi ujenzi hulipa Jumamosi, lakini msimu wa mvua usimpe zaidi ya unga, yule baba mwenye gari zuri anayesema "andika tu, nitapita" huwa hapiti. Mama wa vitumbua anakopa ngano saa kumi na mbili asubuhi na kulipa saa nne, kila siku ya Mungu, na huyo ndiye mteja bora kuliko wote ingawa hana hata kiti. Hakuna kozi ya kujifunza haya. Yanajifunzwa kwa kuwepo.

Mwishoni anapelekwa Kariakoo. Mara ya kwanza kubeba tu. Mara ya pili kusikiliza bei zinavyozungumzwa. Baadaye anatumwa na fedha, na hapo mlezi anasubiri kuona kama risiti na mzigo vinaoana.

*Kwa ufupi:* mlezi hufundisha mkono, droo, uso wa mteja na njia ya sokoni, kwa mpangilio huo. Anayeanzia mwisho, kwa kununua mzigo kwanza, anajifunza yaliyobaki kwa fedha yake mwenyewe.

Mali kauli

Mali kauli ni mzigo unaouchukua leo kwa neno lako tu, kisha ukishauza unarudisha fedha. Muuzaji wa jumla anatoa katoni kumi za sabuni, anaandika jina na tarehe, basi. Hakuna dhamana ya nyumba wala mkataba wa kurasa tisa. Kinachomfanya akubali ni kwamba anamjua anayekufahamu.

Sikiliza jinsi utambulisho huo unavyofanyika. Mlezi anaingia kwenye ghala la mtu waliyefanya naye biashara kwa miaka, anasalimia, anazungumzia msiba wa juzi, halafu anasema: "Mzee, huyu ni dogo wangu. Amekaa kwangu, sasa ana kaduka kake Mbagala. Akikwama, nipigie mimi." Maneno hayo yana bei. Kijana akikimbia na sabuni, mlezi atalipa, au atapoteza jina sokoni, na kupoteza jina ni ghali zaidi. Kwa hiyo hatamtambulisha mtu ambaye hajamwona akishika droo yake.

Ukilinganisha sasa maduka mawili, ya mstaafu na ya Mangi, utaona kwamba kile mstaafu alichokiita mtaji mkubwa hakikuwa mkubwa kama alivyodhani. Mstaafu aliweka shilingi milioni 10 za kwake, zote zikalala kwenye shelfu. Mangi aliweka milioni tatu, na milioni nne zikawa za wengine. Biskuti zikidoda kwa Mangi, katoni ambayo haijafunguliwa anaweza kuomba ibadilishwe. Zikidoda kwa mstaafu, ni zake.

Mtandao hauishii kwa wa jumla. Muuza duka jirani, ambaye kwa akili ya haraka ungedhani ni adui, ndiye anayekupa chenji saa mbili usiku na kukuazima nusu katoni ya maji wageni wa msibani wanapokuja ghafla. Wakala wa fedha za simu huongezewa salio na mwenzake foleni ikiwa ndefu. Dereva wa kirikuu anayebeba mizigo ya maduka manne ya mtaa mmoja huwapunguzia wote nauli. Na mawinga wa Kariakoo, vijana wanaokushika mkono barabarani na kukupeleka kwenye maduka wanakolipwa kamisheni, wanajua bei itakayopanda wiki ijayo mapema kuliko redio. Ukimjua winga mmoja mwaminifu, shika namba yake. Usiowajua, wasikilize huku umeshika mkoba.

Njia hii ni ya zamani

Mwaka 1863 mtoto wa miaka 12 hivi kutoka Kutch, India, alishuka Zanzibar. Alikuwa Allidina Visram. Akaingia Bagamoyo na kujifunza kazi katika biashara ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akizipatia misafara ya bara vitambaa, shanga na wapagazi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram alikuwa tayari anaijua njia, na akaendelea: Tabora, Ujiji, kisha kuzunguka Ziwa Victoria na kufuata reli ya Uganda. Alipofariki mwaka 1916, jina lake lilikuwa juu ya maduka mengi kuanzia pwani hadi Uganda, na leo bado liko juu ya lango la shule ya sekondari Mombasa.

Maduka hayo yaliendeshwa na nani? Na vijana walioletwa kutoka kwao, waliopewa chakula, malazi na kazi, na waliokomaa wakapewa bidhaa kwa mkopo wafungue yao. Waarabu wa Oman na Washihiri waliofungua maduka kwenye vijiji vya bara walifuata njia hiyohiyo: mpwa anakuja, anakaa na mjomba, anajifunza Kisukuma au Kigogo cha sokoni, anahamia kijiji cha tatu. Ukilitazama duka la Mangi kwa jicho hilo, mhusika amebadilika lakini mpango ni uleule.

Serikali iliwahi kujaribu kuuruka mpango huo. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa na nafasi yake kuchukuliwa na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Uhaba ukawa mkubwa mpaka agizo likalegezwa. Sababu zilikuwa nyingi, usafiri na upungufu wa bidhaa nchini zikiwemo, lakini mojawapo nadhani haijasemwa vya kutosha: duka lilikabidhiwa kamati. Kamati haikuwa imekaa nyuma ya kaunta ya mtu, wala haikuwa na mtu mjini wa kumwambia, "Mzee, nitunzie magunia mawili."

Wajapani walilitatua jambo hili kwa njia ya ofisi. Kampuni ya maduka ya Seven-Eleven ilipofungua duka lake la kwanza nchini humo, huko Toyosu, Tokyo, mwaka 1974, mwendeshaji alikuwa mwenye duka dogo la pombe la familia. Kampuni hiyo ilikuza utaratibu wa kuwa na washauri wanaolipwa mshahara kuzungukia maduka machache kila mmoja, kukaa na mwenye duka, kutazama kilichouzwa na kilichododa, na kumwambia duka jingine limefanyaje. Ni mlezi, ila ana kitambulisho shingoni.

Na asiye na mjomba Kariakoo?

Hapa ndipo wasomaji wengi walipo, na wengi wao ni wanawake. Nafasi ya kuchukuliwa Desemba hupewa mara nyingi kijana wa kiume. Binti anayeletwa mjini huishia jikoni kwa mwenye duka badala ya kaunta. Lakini wanawake wamejenga mlango wao. Upatu, ambapo kila mmoja hutoa kiasi na mmoja huchukua chote kwa zamu, na vikoba, ambavyo ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinasifiwa kwa fedha vinazotoa. Mimi naona faida yake nyingine inazidi. Kwenye kikao cha Jumapili mama mwenye duka la vipodozi anamweleza mwenzake wa nafaka ni msambazaji yupi anadanganya uzito. Watu ishirini wanaokuona ukirejesha mkopo wiki baada ya wiki ndio ushahidi utakaoupeleka kwa wa jumla.

Kama huna ndugu wala kikundi, anzia hapa:

- Kabla ya kulipia fremu, omba kazi kwenye duka la mtaa usioishi, hata kwa posho ndogo, mpaka uone misimu: mwisho wa mwezi, wiki ya ada, mfungo, mvua.
- Nunua kwa fedha taslimu kwa wauzaji wa jumla wawili au watatu walewale, siku zilezile. Usirukeruke kufuata punguzo la shilingi 200. Wakukariri sura.
- Ukianza kuomba mali kauli, omba kidogo na ulipe kabla ya siku. Katoni mbili zilizolipwa Jumatatu badala ya Jumatano zina uzito kuliko hadithi ya elimu yako.
- Siku ukishindwa kulipa, nenda mwenyewe kabla hujapigiwa. Aliyezima simu hurudi Kariakoo kwa kupitia mitaa ya nyuma.

Utaona sikuweka mikopo ya haraka, ile mtaani inayoitwa kausha damu. Duka la rejareja lenye faida ya sukari tuliyoihesabu haliwezi kubeba marejesho ya kila siku ya namna ile. Basi.

Na simu je? Nchini Kenya na Tanzania zilikuja kampuni za kumwezesha mwenye duka kuagiza mzigo kwa simu na kuletewa mlangoni, wakati mwingine kwa mkopo. Twiga ilianza Nairobi mwaka 2014 na ndizi. Wasoko, iliyojulikana kwanza kama Sokowatch, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024. Zitumie zikikufaa. Programu itakumbuka ulilipa lini, na hilo si dogo. Haitakwambia kwamba nyumba tatu za mtaa wako zimevunjwa kupisha barabara, na kwa hiyo punguza maziwa.

Vyama rasmi pia vipo. Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania ilisikika sana Mei 2023, maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa sababu ya malalamiko ya kodi hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mwenye kiduka Mbagala hawezi kupeleka hoja zake peke yake kwenye meza kama ile. Ada ya chama ni gharama halali ya biashara, ingawa chama hakitakufundisha kupima sukari.

Upande mchungu

Nimeusifu mpango huu, sasa niseme unapoumiza. Kijana anayelala nyuma ya magunia anafungua duka saa kumi na mbili na kufunga saa nne usiku, siku saba. Mshahara wake mara nyingi ni chakula, nguo za sikukuu na ahadi: "Vumilia, nitakufungulia duka." Ahadi hiyo haina mwaka. Wapo walezi wanaoitimiza bila kusukumwa. Wapo pia ambao, muda ukikaribia, hugundua wizi ambao haukuwahi kutokea, na kijana anarudishwa nyumbani na begi moja. Aibu inamzuia kusema, na ukoo unamwamini mwenye fedha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Undugu hauiondoi sheria hiyo. Wafanyabiashara wa Kiigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, ambao mpango wao wa kulea vijana unafanana sana na huu, wana desturi moja ya kuigwa: familia mbili hukaa mwanzoni na kukubaliana kijana atatumika miaka mingapi, na mwisho wa miaka hiyo bosi hutarajiwa kumpa mtaji wa kuanzia.

Kwa hiyo ukimchukua kijana, au ukimtoa wako, kaeni na mashahidi wawili mwandike karatasi moja. Iseme miaka, posho ya kila mwezi, siku ya mapumziko, na atakachopewa akimaliza: fedha kiasi gani au bidhaa za thamani gani, na utambulisho kwa wauzaji wa jumla wangapi. Hilo la mwisho huwa gumu kuandikwa, kwa sababu mlezi anaogopa kumzaa mshindani. Hofu hiyo ina msingi kama kijana atafungua hatua hamsini kutoka kwake. Ndiyo maana kifungu cha mwisho cha karatasi kitaje mahali: si mtaa huu wala unaofuata. Chanika kuna fremu, Kibaha kuna fremu, na wa jumla wa Kariakoo anafurahi kupeleka mzigo kote kuwili.